Shangazi, nimwandikeje baba?

Shangazi, shikamoo. Baba yetu alifariki mwezi Februari akiwa na miaka 79, na Desemba tutakusanyika kwetu Machame, Kilimanjaro, kwa ibada ya shukrani na kuweka msalaba. Mimi kifungua mimba ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia ya marehemu. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi na alitupenda. Lakini mwaka 1992, nikiwa kidato cha pili, nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada wiki ileile ambayo baba alitimiza ahadi yake ya kuezeka kanisa. Wadogo zangu wanataka niandike mazuri tu. Tulipopanga vitu vyake tulikuta kopo la biskuti lenye bahasha zake za sadaka na stakabadhi za ada zetu sote, zimefungwa kwa uzi mmoja. Nikishika kalamu, machozi na hasira vinanijia pamoja. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye lile kopo la biskuti. Anzia hapo. Historia za marehemu tunazosomewa makaburini hufanana mno: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa takatifu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Ukibadilisha jina, inamfaa jirani. Tarehe hizo ziweke, kwa kuwa ukoo unazihitaji, ila zipitie upesi. Moja tu ningeikawiza: baba yako alikuwa kijana wa miaka kama 17 mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, chini ya Askofu Stefano Moshi, Mchaga mwenzake. Wajukuu waliozaliwa mjini wajue kwamba kanisa hilo wanalolikuta limekamilika, babu yao alilikuta likiundwa, naye akakua nalo.

Sasa tuje kwenye mwaka 1992, maana ndiko kalamu yako inakokwama. Ulikuwa mtoto, na mtoto haoni daftari la mzazi wake. Watoto wa Uchagani walisomeshwa na kahawa. Na Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei ya dunia iliporomoka na ikabaki chini kwa miaka kadhaa, ukiwamo huo uliorudishwa nyumbani. Mkulima aliyeahidi bati za kanisa akitegemea bei ya zamani alijikuta ana ahadi mbili na fedha za moja. Sikwambii haya ili kumtetea. Kwa maoni yangu alipaswa kutanguliza ada na kumweleza mchungaji wake, na naamini mchungaji mwenye busara angemwelewa. Umeumia, na una haki ya kuumia.

Hata hivyo, mbele ya waombolezaji si mahali pa kumshtaki asiyeweza kujibu, wala si mahali pa kumpaka rangi asiyokuwa nayo. Wadogo zako wanaogopa aibu, nawe unaogopa uongo; sentensi moja ya kweli inaweza kuwatosha nyote, kwa mfano: “Mwaka 1992 baba alishindwa kulipa ada yangu kwa wakati, nami niliumia; baada ya kufa kwake tumekuta ametunza stakabadhi za ada zetu pamoja na bahasha zake za sadaka, amezifunga kwa uzi mmoja.” Ukishaisoma, nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Usiwafafanulie watu maana ya uzi ule. Walioketi pale wamesomesha, wameahidi, wamechelewa, wataelewa.

Kabla ya hayo yote, fungua kopo tena uitafute stakabadhi yako ya mwaka ule. Ulirudi darasani, kwa hiyo kuna mtu aliyelipa, na tarehe itakuonyesha ilimchukua siku ngapi kuipata fedha hiyo. Kisha nenda kwa mama, wasiwepo wadogo zako, umwekee karatasi hiyo mkononi na umuulize mlichouza. Pengine ni ng'ombe, pengine ni shamba, pengine alikopa kwa mtu ambaye hamjawahi kumshukuru na ambaye Desemba atakuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Mwache mama aeleze mpaka mwisho, ndipo ushike kalamu.