Hell's Gate kwa mpenzi wa ndege: kaa kwanza kwenye miamba

Dada, umeuliza kama Hell's Gate, ile hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, panamfaa mtu asiye na gari, mwenye siku moja tu, anayependa ndege kuliko wanyama. Panafaa sana. Nimekwenda mara nne, na mara mbili za mwanzo nilikosea: nilikanyaga baiskeli mbio hadi korongo la Ol Njorowa lililo ndani ya hifadhi, ndege wote nikawaacha njiani.

Toka Nairobi alfajiri kwa matatu ya Naivasha, kisha panda ile ya barabara ya kusini mwa ziwa, ushukie njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli za kukodi ziko hapo hapo. Jaribu breki kabla hujalipa. Geti la Elsa, la kuingilia hifadhini, haliko mbali. Hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 68 tu, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu. Nyati wapo lakini. Ukikuta kundi karibu na njia, simama lipite.

Ukishaingia hukawii kuuona Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi. Wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe kaa. Mara ya tatu nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama pimbi, wale wanyama wadogo wa miambani, wakiota jua, wamejilaza tumbo juu ya jiwe kama paka wa nyumbani. Mmoja akapiga ukelele mkali, na kufumba na kufumbua jiwe likawa tupu. Nikainua macho: tai mweusi anapita kando ya mwamba, karibu kiasi cha kuona weupe wa mgongoni uliokaa kama herufi V. Hakupiga bawa hata mara moja. Pimbi ndio chakula chake hasa, kwa hiyo penye pimbi tazama na juu.

Mbele kwenye kuta ndefu, tafuta michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika. Hicho ni kinyesi cha tumbusi, ndege wala mizoga, na juu ya michirizi hiyo ndipo wanapolala na kutaga. Usiende umechelewa. Kwenye saa tatu, saa nne, hewa ikishapata joto, wanaachia mwamba mmoja mmoja na kupanda kwa kuzunguka hadi wanapotea. Darubini ni lazima. Teleka, wale wanaofanana na mbayuwayu, utawasikia kabla ya kuwaona: mvumo wa mbawa sikioni, na wameshapita.

Korongo ni zuri, kuta zimebanana na maji ya moto yanachuruzika mwambani. Lakini mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu humo, na mvua inaweza kunyesha mbali ninyi mko kwenye jua. Safari moja kiongozi wetu aliona kijito kimegeuka rangi ya udongo, akatupandisha juu papo hapo, wengine wakinung'unika. Haikupita muda, pale tulipokuwa tumesimama pakawa maji matupu. Kwa hiyo uliza getini kama korongo limefunguliwa siku hiyo. Wakikwambia limefungwa, usitafute wa kukupitisha kando. Rudi kwenye ukuta wa tumbusi. Alasiri wanarejea, wanashusha miguu kabla hawajatua, na unawasikia wakigombania nafasi.