Kabla hujanunua mashine ya gemu: maswali yenu manane

Tangu nigusie mashine za gemu katika safu hii, ujumbe umemiminika. Nusu yake ni mashabiki wakitukanana kuhusu plastiki nyeupe (PlayStation 5) na plastiki nyeusi (Xbox). Hao nimewaacha waendelee. Waliouliza kwa dhati nawajibu hapa.

Shikamoo. Nina miaka 17, nimeweka akiba ya mashine yangu ya kwanza. Rafiki yangu anasema Xbox Series X inaizidi PlayStation 5 kwa sababu ina teraflopu 12 na PS5 ina 10 na kidogo. Ni kweli?

Marahaba. Kwenye karatasi ni kweli: teraflopu, yaani matrilioni ya hesabu kwa sekunde, ni 12 kwa 10.28. Sasa iwashe gemu ile ile kwenye mashine zote mbili, kaa hatua nne kutoka kwenye runinga, kisha niambie ipi ni ipi. Mimi nimejaribu mara kadhaa na nimekosea zaidi ya nilivyopatia. Ndani ni ndugu: zote zina chipu ya kampuni ya AMD yenye kori (sehemu za kukokotoa) 8, zote zina memori ya GB 16, na zilitoka Novemba 2020 zikipishana siku mbili. Hata pale PS5 inapomwacha mwenzake waziwazi, kwenye kasi ya hifadhi ya ndani (GB 5.5 kwa sekunde dhidi ya 2.4), unachookoa ni muda mfupi wa kusubiri gemu ifunguke.

Cha kupimia ni kingine kabisa. Gemu unayoinunua kwa kupakua inafungwa kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Huwezi kuitoa PlayStation ukaipeleka Xbox, wala huwezi kuiuza. Ukishanunua kwa miaka mitatu, kuhama ni kuhama nyumba huku umeacha vyombo vyote. Kwa hiyo angalia kwanza unaingia nyumba gani.

Na hapo, kwa maoni yangu, mizani imelala upande mmoja. Microsoft, wenye Xbox, imeanza kupeleka gemu zake kwa jirani: Sea of Thieves ilifika PS5 mwaka 2024, Forza Horizon 5 ikafuata 2025. Sony, wenye PlayStation, imerudisha fadhila kidogo sana. Helldivers 2 ilivuka kwenda Xbox, lakini Spider-Man 2 na God of War Ragnarök hazikuvuka. Anayeanza sifuri kama wewe, namwambia PS5.

Hesabu inageuka kama kaka yako mkubwa ameacha kabati la diski za Xbox 360. Series X inacheza mamia ya gemu za zama hizo, na hata baadhi za Xbox ya kwanza kabisa ya 2001. PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, lakini ukiitia diski ya PS3 inaikataa.

Mwanangu anataka Xbox Series S kwa sababu ni ndogo na bei yake ni nafuu. Binamu zake wana diski nyingi za Xbox, wamesema watamwazima. Ninunue?

Mama, simama hapo hapo. Series S haina tundu la diski. Igeuze mbele, nyuma na ubavuni, hutaona pa kuitia, na hakuna kisomeo cha diski cha pembeni kinachokubalika. Diski za binamu zitabaki kuwa mapambo.

Ni mashine nzuri kwa anayetegemea intaneti ya uhakika na aliyeridhika kupakua kila kitu. Lakini ile ya GB 512 inabaki na takriban 364 za kutumia, na gemu kubwa za leo moja inaweza kula GB 100 na zaidi. Atakuwa anafuta moja ili aingize nyingine, na kila akiirudisha anaipakua upya. Halafu kuna udhaifu wenyewe wa mashine. Gemu ya Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox mwaka 2023 kwa sababu watengenezaji walishindwa kuifanya Series S igawe kioo kwa wachezaji wawili. Mwishowe ilitoka bila uwezo huo upande wa Series S.

Kwa wenye PlayStation, onyo la jirani: PS5 nazo zipo zisizo na kisomeo, na PS5 Pro, ile yenye nguvu zaidi, haiji nacho. Tofauti ni kwamba PS5 nyembamba iliyotoka mwisho wa 2023, pamoja na Pro, unaweza kununulia kisomeo ukakipachika baadaye. Siku ya kukipachika utahitaji intaneti mara moja ili mashine ikitambue.

Mimi ni mtu wa diski na sifichi. Diski unaiazima, unaiuza, unaikuta kabatini baada ya miaka kumi. Duka la mtandaoni hufungwa: Nintendo ilisimamisha mauzo ya mtandaoni ya mashine zake za zamani, Wii U na 3DS, Machi 2023, Microsoft ikafunga duka la Xbox 360 Julai 2024. Waliokwisha kununua waliachiwa kupakua tena, ila mgeni hana pa kuingilia.

Kijana wangu anadai kucheza na wenzake mtandaoni ni bure. Ananidanganya?

Nusu. Fortnite na gemu nyingine zinazotolewa bure hazihitaji malipo ya kila mwezi, iwe PlayStation au Xbox. Gemu ya kununuliwa, kwa mfano ya mpira, ukitaka kucheza na mtu aliye mbali, unalipia uanachama wa PlayStation Plus au, kwa Xbox, Game Pass. Nintendo nayo ina ada yake. Mwulize anacheza gemu gani, utajua kama ni mwongo au mkweli.

Nisubiri kizazi kijacho? Nimesikia PlayStation 6 iko njiani.

Kila kizazi kiko njiani, ndugu yangu. PS2 ilitoka 2000, PS3 2006, PS4 2013, PS5 2020. Kwa mwendo huo haihitaji mganga kubashiri kwamba nyingine inakuja, na Microsoft na AMD walishatangaza mwaka 2025 kwamba wanashirikiana kwenye chipu zijazo.

Ila kumbuka miaka ya mwanzo ya mashine mpya hupita vipi. God of War Ragnarök, gemu ya kujivunia ya Sony, ilitoka Novemba 2022, miaka miwili baada ya PS5, na bado ikatoka kwenye PS4 pia. Mwenye mashine ya zamani hakuikosa hadithi hiyo. Aliyekimbilia mpya alilipia picha safi zaidi na kusubiri kufupi zaidi.

Wa kwanza kununua ndiye pia anayegundua ubovu. Xbox 360 ilitoka mwishoni mwa 2005, na baada ya muda watu wakaanza kuamka asubuhi na kukuta taa tatu nyekundu zikikizunguka kile kitufe cha kuwashia, mashine haiwaki. Mwaka 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa matengenezo. Na yupo aliyenunua Dreamcast ya Sega akiamini kapata ya kesho. Januari 2001 Sega ikatangaza inaacha kuitengeneza, na haikurudi tena kwenye biashara ya mashine za nyumbani.

Zamani kulikuwa na hoja moja nzito ya kusubiri: bei hushuka mashine ikizeeka. Kizazi hiki kimeivunja desturi hiyo. Sony ilipandisha bei ya PS5 katika nchi nyingi Agosti 2022, na mwaka 2025 Xbox nazo zikapanda. Anayengoja punguzo anaweza kungoja akalikuta ongezeko.

Hukumu yangu: kama leo huna mashine kabisa na kuna gemu unaitamani, nunua ya sasa. Kama una PS4 na bado inakutosha, kaa nayo.

Switch 2 ya Nintendo inashindana na hizi au ni mchezo wa watoto?

Haishindani nazo kwa nguvu, na haijataka. Ilitoka 5 Juni 2025, ina kioo cha inchi 7.9, unaishika mkononi au unaichomeka kwenye kitako chake ukaangalia runingani. Unainunua kwa ajili ya Mario, Zelda na wenzao, maana hao hutawakuta kwenye PlayStation wala Xbox. Na usitegemee gemu zao kushuka bei haraka. Nintendo ni wagumu hapo.

Mambo mawili huwakwaza wanunuzi. Kadi ndogo za kumbukumbu za kawaida haziwezi kuhifadhi gemu zake, inataka aina ya microSD Express tu, na GB 256 za ndani huisha upesi. La pili, baadhi ya gemu zinauzwa kama kadi, unaishika mkononi ukidhani umebeba gemu, kumbe ndani kuna ufunguo tu na gemu yenyewe inapakuliwa. Maelezo yako sehemu ya chini ya uso wa mbele wa kasha. Yasome kabla hujalipa. Afadhali kidogo ni kwamba kadi hiyo, tofauti na gemu ya akaunti, unaweza kumwazima mwenzio.

Nataka kununua iliyotumika. Nikague nini?

Nitakujibu kwa kovu. Niliwahi kununua mashine ya mtumba kwa mtu tuliyekutana naye mara moja. Tuliiwasha, ikawaka, tukacheza dakika tano, tukapeana mikono. Nyumbani ilicheza diski vizuri wiki nzima. Siku nilipoiunganisha na intaneti ikaniambia imefungiwa kutumia huduma za mtandaoni. Mwenye nayo alikuwa ameifanyia ujanja zamani, na adhabu ilikuwa kwenye mashine yenyewe, si kwenye akaunti yake. Simu yake haikupatikana tena.

Kwa hiyo kwanza kabisa: iunganishe na intaneti mbele ya muuzaji, hata kwa simu yako, uingie kwa akaunti yako. Kabla ya hapo mwambie atoe akaunti yake na kuifuta mashine hadi ianze kukuuliza lugha kama mpya.

Pili, pedi, yaani kile kidude cha kuchezea unachoshika mkononi. Ingia kwenye gemu, iweke pedi mezani, uache kuigusa. Kama mchezaji anaanza kutembea polepole kuelekea kushoto peke yake, vijiti vya pedi vimekwisha.

Tatu, kebo ya HDMI, ile inayopeleka picha kwenye runinga. Itikise taratibu kwenye tundu lake. Picha ikikatika na kurudi, tundu limelegea. Kisha tia diski, isikilize ikisomwa, na uiache gemu nzito iende dakika ishirini. Feni ikianza kunguruma kama jenereta, huenda vumbi limejaa ndani. Muuzaji anayelalamika kwamba unamchelewesha amekwisha kukujibu.

Runinga yangu si ya 4K. Nitakuwa nimepoteza hela?

Hapana. 4K ni picha kali zaidi tu, na mashine inaipunguza ikutoshee. Ninachokuomba ni kutafuta kwenye mipangilio ya runinga kitu kinachoitwa hali ya gemu, ukiwashe. Rafiki yangu alibadilisha pedi mbili akilalamika mchezaji anachelewa kupiga mpira, kumbe runinga ilikuwa inachelewesha picha kwa kuipamba.

Wanangu wawili wanagombana. Mmoja anataka PlayStation 5, mwingine Switch 2. Nina uwezo wa moja tu.

Mpe kila mmoja karatasi, aandike gemu tatu anazotaka kucheza mwaka huu, bila kuchungulia ya mwenzake. Kisha ziwekee duara zile zinazopatikana kwenye mashine moja tu. Akiandika Zelda, duara liende Nintendo. Akiandika Spider-Man 2, duara liende Sony. Penye maduara mengi ndipo pa kununua. Fortnite, Minecraft na Rocket League usiziwekee duara: zinachezwa kwenye mashine zote, na mwenye PlayStation anacheza na mwenye Switch bila shida.

Ukikuta karatasi zote mbili hazina duara hata moja, nunua ile ya bei nafuu, nao wataendelea kugombana kwa sababu nyingine.