Kabla hujamkabidhi mtu mgongo wako

Mtu akikwambia atakunyoosha mgongo, sikiliza kwanza anakuuliza nini. Asipouliza chochote, vaa viatu vyako uondoke.

Mimi kiuno kilinishika msimu wa kupogoa mizabibu huko Hombolo, Dodoma. Ni kazi ya kuinama kutwa, na jioni nilishindwa hata kufunga kamba za viatu. Ushauri wa majirani haukukosekana: huyu anasema nikandwe kwa maji ya moto, yule anataka mtoto anikanyage mgongoni. Kaka yangu anayeishi Dar akanitafutia tabibu wa kiropraktiki, yaani anayetibu kwa kusukuma kwa mikono pingili, ile mifupa midogo ya uti wa mgongo, nikapanda treni ya SGR.

Fani hii ilianzia Marekani mwaka 1895, mjini Davenport, jimbo la Iowa. D.D. Palmer alimsukuma pingili ya mgongo msafishaji mmoja aliyekuwa hasikii vizuri, Harvey Lillard, na ikasemekana masikio yakazibuka. Palmer akaamini kuwa magonjwa karibu yote yanatokana na pingili zilizohama na kubana neva. Hiyo habari ya masikio mimi siinunui, maana neva ya kusikia inatoka sikioni kwenda moja kwa moja kwenye ubongo, mgongoni haipiti. Kwa hiyo ukisikia mtu anatangaza kwamba kwa kukunyoosha mgongo atakutibu pumu, kisukari au presha, mpite.

Kinachobaki, na ambacho kina maana, ni mambo ya viungo na misuli. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za usawa wa kifua na 5 za kiuno. Viungio vyake vikikaza, misuli ya jirani nayo hukakamaa, na kila ukigeuka unaumia. Tabibu hutafuta palipokaza, kisha anasukuma kwa mkono, msukumo mfupi wa haraka. Ule mlio unaousikia ni gesi ndani ya ute wa kiungio, sawa na unapovunjavunja vidole. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeitaja tiba hii ya mikono miongoni mwa zinazoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Kusaidia, jamani. Halijasema inaponya.

Yule tabibu alichukua muda mrefu kabla hajanilaza. Je, nakojoa vizuri? Nahisi ganzi sehemu za siri au mapajani? Nimepungua uzito, natoka jasho usiku, nimewahi kuanguka? Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akanigonga goti kwa kinyundo, akainua mguu wangu ulionyooka huku akinitazama usoni. Mwanzoni nilimwona ananipotezea muda. Baadaye nikaelewa: kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo, na saratani vilevile, na mgongo wa namna hiyo hausukumwi. Mkojo ukigoma au ukikutoka wenyewe, ganzi ikaingia sehemu za siri, au miguu ikalegea, hiyo ni dharura. Kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Shingo yangu sikumruhusu aiguse, na wala sikuwa na shida nayo. Ni nadra, lakini kuzungushwa shingo kwa nguvu kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayopanda kichwani, na mtu akapata kiharusi. Zile video za kuvunjana shingo mtandaoni zisikutamanishe.

Baada ya kusukumwa nilijisikia mwepesi, kesho yake misuli ikauma kidogo. Kusema kweli, maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo sifa zote siwezi kumpa yeye. Faida kubwa niliipata kwenye mazoezi aliyonifundisha, na agizo lake la kutolala kitandani kutwa nzima. Siku hizi napogoa nikiwa nimepiga goti moja, nabadilisha mguu, nasimama mara kwa mara.

Tena si lazima ufike Dar. Hapa Dodoma anzia hospitali ya rufaa, uonane na daktari, akupeleke kwa watu wa fiziotherapia. Nao wanatumia mikono na mazoezi. Ukiamua kiropraktiki, muulize amesomea wapi na kwa miaka mingapi, na bei uijue kabla hujapanda kitandani. Akitaka ulipie vikao vya miezi kwa mkupuo, kama kifurushi cha simu, mwambie utalipa kila ukija.