Amezikwa kabla ya kubatizwa?

SWALI: Shikamoo Mzee. Natafuta nasaba ya mume wangu, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa Mwingereza. Katika daftari la kanisa nimemkuta mtoto aitwaye John, amebatizwa tarehe 9 Aprili 1710, halafu amezikwa tarehe 20 Februari 1710! Karani alikosea? Pia kuna mti wa ukoo mtandaoni unaoiunganisha familia hiyo na mtu wa mwaka 1390. Niuchukue?
Mke Mdadisi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karani wa watu hana kosa. Zama hizo Uingereza mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuja mwishoni, miezi kumi baada ya Aprili. Sisi tungeuita mwaka ule 1711. Andika "20 Februari 1710/11", ili atakayekuja baada yako asidhani umeteleza. Januari mosi ilianza kufungua mwaka wao 1752, mwaka uleule waliporuka siku 11: waliolala Septemba 2 waliamka Septemba 14. (Uskoti walishahamia Januari mosi tangu 1600, basi hakikisha daftari lako ni la upande upi.)

Usilifunge daftari bado. Huenda ukamkuta John mwingine, baba yuleyule, amebatizwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Wazazi wengi walimpa mdogo jina la marehemu. Sisi watafiti wa kujifundisha wenyewe tuna kawaida ya kumfufua John wa kwanza, tukamwoza na kumpa watoto sita. Ndiyo maana siku hizi napekua maziko kabla ya kugusa ndoa.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Miezi minane nilimbandika babu wa watu kwenye ukoo wetu, eti kwa kuwa jina lake lilikuwa la babu yetu, na la baba yake vilevile. Nilishamchorea hadi vilembwe. Mke wangu akaja na chai, akaitazama karatasi, akauliza, "Huyu mbona amezaa akiwa na miaka saba?" Chai ilinipalia.

Huo mti wa 1390 uache ulipo. Agizo la kila parokia kuandika ubatizo, ndoa na maziko lilitolewa 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, na madaftari mengi ya mwanzo hayapo tena. Mwaka 1598 yalipoagizwa kunakiliwa kwenye ngozi, wanakili wengi walianzia 1558 tu, Malkia Elizabeth aliposhika kiti. Nyuma ya hapo mtu wa kawaida huonekana kwa bahati: wosia, orodha ya kodi, ugomvi wa shamba mbele ya bwana mwenye ardhi. Anayekufikisha 1390 bila kukuonyesha hata karatasi moja amenakili kwa mwenzake, naye mwenzake kwa mwingine.

Ila kuna jambo hukuniambia, nalo ndilo linalonisumbua: kutoka kwa bibi hadi 1710 umepita njia gani? Vyeti vya serikali vya Uingereza vilianza Julai 1837, na cha kuzaliwa huonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Panda navyo kizazi kimoja kimoja hadi vitakapokuishia, ndipo uingie kwenye madaftari ya kanisa. Kisha niandikie tena, maana huyo John tunayemlilia anaweza kuwa si wenu kabisa.