Misuli Huvuta Tu, Basi Tunasukumaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba msuli wa binadamu huweza kuvuta tu, wala hauwezi kusukuma. Kama ndivyo, nguvu ninayoitumia kusukuma mlango hutoka wapi? Na msuli wenyewe hujifupisha vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni sahihi. Misuli iliyoshikamana na mifupa, ambayo inazidi 600, kazi yake ni kukaza na kulegea tu, na kwa hiyo mingi imepangwa ili kile kilichovutwa na mmoja kirudishwe na mwenzake. Shika nyuma ya mkono wako, kati ya bega na kiwiko, kisha usukume meza kwa kiganja cha mkono huo: utauhisi msuli uitwao traisepsi ukikaza chini ya vidole. Kano yake imejishikiza kwenye ncha ya kiwiko, nyuma ya kiungo, na msuli unapoivuta ncha hiyo kuelekea begani, mkono hunyooka. Ndipo mlango unapofunguka: umesukumwa na mfupa, nao mfupa umevutwa na msuli. Wakati wa kuukunja mkono, baisepsi iliyo upande wa mbele ndiyo huvuta, na traisepsi hulegea.

Swali lako la pili ndilo lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Msuli ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu iliyojaa vijiuzi, navyo vimegawanyika katika vipande viitwavyo sarkomeri, ambavyo kila kimoja kina urefu wa takriban milimita 0.002. Humo mna nyuzinyuzi nyembamba za protini ya aktini na nene za protini ya miosini. Wengi walidhani kuwa protini hizo hujikunja, mpaka mwaka 1954, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na wakati huohuo Hugh Huxley na Jean Hanson, walipoonyesha kwamba hazifupiki hata kidogo, bali huteleza zikipishana. (Akina Huxley hao wawili hawakuwa na undugu wowote.)

Neva inapoleta ishara, kalsiamu humwagika ndani ya uzi na kuondoa kizuizi kilichoifunika aktini. Vichwa vya miosini huishika, huivuta, huiachia, kisha huishika mbele zaidi, kama mtu avutaye kamba ya ndoo kisimani kwa mikono ya kupokezana. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kichwa hakiwezi kuachia bila kupata molekuli mpya ya ATP, ile inayobeba nishati katika seli. Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo, ATP inapokwisha. Hata kulegea kwa kawaida kuna gharama yake, kwa kuwa kalsiamu lazima irudishwe kwenye vifuko vyake, na pampu zinazoirudisha hutumia ATP hiyohiyo.