Kutoka tarumbeta kwenda yufoniamu: si mapafu, ni mdomo

Ndugu yangu wa Malindi, umesema umepiga tarumbeta miaka mitatu, mpiga besi wenu ameondoka, na sasa umekabidhiwa yufoniamu, ala ya shaba ya besi, kubwa kuliko tarumbeta. Ukipuliza, sauti yatoka nyembamba kama mbu ndani ya mtungi, kisha kichwa chazunguka. Ukauliza kama mapafu yako ni madogo. Hapana. Mimi nilihama hivyo hivyo hapa Amu (Lamu), kijana wa kupiga mbizi kutwa, na bado nilitoa mbu.

Kinachokuponza ni kubana midomo yako kama wapiga tarumbeta. Bomba la tarumbeta likikunjuliwa ni kama futi 4 na nusu. La yufoniamu ni futi 9, na la tuba kubwa ya B flati, nduguye wa besi nzito zaidi, ni futi 18. Bomba refu lataka midomo itetemeke polepole, tena nyama nyingi ya mdomo, na pumzi tele isiyo na haraka. Wewe umezoea kubana na kurusha hewa nyembamba kwa nguvu. Ukifanya hivyo kwenye yufoniamu, utachoka bure.

Mjomba wangu, mpiga besi wa beni za harusi tangu ujana, siku ya kwanza hakunipa ala. Alinipa kioo cha kandili. "Pulizia." Nikapuliza kama apulizaye jiko la makaa, kioo kikabaki kikavu. "Hiyo ni ya tarumbeta. Sasa pulizia kama wataka kukifuta." Nikaachia koo, haaa, mvuke ukatanda kioo kizima. Akaniambia pumzi ni hiyo, niiweke ndani ya ala bila kuibadilisha. Wiki nzima tulikuwa na kioo na kipulizio tu, kile kikombe cha ala kinachowekwa mdomoni, na mke wake jikoni akicheka kwamba tumemficha ng'ombe chumbani.

Jaribu hivi. Kaa kitako, mgongo wima, na ulete ala mdomoni, usiifuate ala kwa shingo. Kaza pembe za mdomo, katikati pawe legevu. Tenganisha meno kidogo. Vuta pumzi mpaka tumbo lijae, kisha piga noti moja ya chini, uishikilie hesabu ya nane bila kutikisika. Pumzika muda ule ule uliopiga. Kizunguzungu kikija, weka ala chini, usishindane nacho. Mwili haujazoea kupumua hewa nyingi kiasi hicho, na siku chache zijazo kitapungua. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zashinda saa mbili za Ijumaa moja.

Mimi nilikuwa nikienda kujizoeza njia ya Shela maji yakitoka, kwa sababu vichochoro vya Langoni vyarudisha sauti, ukajiona fundi kumbe ni kuta. Nje pwani hakuna wa kukudanganya.

Kuhusu vidole, una bahati. Kama bendi yenu yaandika besi kwa trebo, yaani maandishi yale yale ya noti uliyosomea tarumbeta, mtindo wa bendi za shaba za Kiingereza, vidole vyako ni vile vile vya tarumbeta, ila sauti yashuka oktavu nzima, yaani ngazi nane za noti. Wakikupa karatasi ya besi, maandishi ya noti za sauti nzito, hapo tahadhari: noti unayoiita C kwenye trebo, isiyobonyezwa valvu (kitufe cha kidole) yoyote, kwenye besi huandikwa B flati. Nilipiga wimbo mzima wa kumwingiza bwana harusi kwa toni moja chini ya wenzangu kwa kosa hilo, na bwana harusi alikuwa rafiki yangu. Hajasahau.

Jambo jingine ambalo tarumbeta haikukufundisha sana: D ya chini, valvu ya 1 na ya 3, hupanda, yaani hulia juu kidogo ya inavyotakiwa; C shapu, zote tatu, hupanda zaidi. Ni hesabu ya mabomba tu, kila valvu ilikatwa urefu wa kuitosha ikiwa peke yake, zikijumuika urefu hautoshi. Kwenye tarumbeta ulisukuma slaidi ya 3, kile kibomba cha kuvutwa, kwa kidole. Kwenye yufoniamu ndogo ya valvu tatu huifikii kirahisi, itabidi uishushe noti kwa mdomo. Ikiwa na valvu ya nne, tumia ya 4 badala ya 1 na 3, na 2 na 4 kwa C shapu.

Kipulizio usinunue kwa macho. Mimi nilinunua kimoja Mombasa, king'aavu, muuzaji akaapa chaingia yufoniamu zote. Kilicheza ndani ya bomba kama jino bovu. Shina zake zina unene tofauti, nyembamba na nene, kwa hiyo nenda na ala yako mkononi au usiende.

Na mafuta. Usitie mafuta ya nazi kwenye valvu! Mimi nilitia, mchana zikaenda kama hariri. Kulipokucha, tena kipupwe, mafuta yalikuwa yameganda na valvu zote tatu zimekwama, na maandamano ya Maulidi yanaanza. Nilitembea na bendi nimekumbatia ala bubu. Tafuta mafuta ya valvu, na slaidi zipake vaselini. Chumvi ya pwani hula shaba, basi ukimaliza ifute, na kila mwezi ipitishe maji matamu ya uvuguvugu, si ya kisima cha chumvi.

Wakikwambia besi ni kazi ya asiyejua kupiga juu, wapeleke makumbusho yetu hapa mbele ya bahari waione siwa, pembe ya kale ya shaba. Tundu lake liko ubavuni, valvu haina, lakini ni midomo inayotetemeka na pembe inayokuza, kama hiyo yako. Ilikuwa ikipulizwa kwa wakubwa kabla beni hazijazuka pwani hii mwishoni mwa karne ya 19.

Nipe jibu moja: ala yenu ina valvu ngapi, na kama ni nne, ya nne iko safu moja na wenzake au imekaa ubavuni kwa mkono wa kushoto? Ikiwa ubavuni, kuna jinsi ya kuishika mkono usife ganzi, nitakueleza.