Nina kisukari cha mimba: je, ni adhabu, na sindano zinapunguza tawakkul (kumtegemea Allah)?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nina mimba ya wiki 28. Nilinyweshwa maji ya sukari kliniki, nikapimwa damu, nikaambiwa nina kisukari cha mimba. Nimejitahidi kupangilia chakula lakini sukari ya asubuhi haishuki, sasa nimeanzishiwa sindano za insulini. Mama mkwe anasema haya yamenifika kwa kuacha nyiradi, zile dhikri na dua za kila siku, nisomewe ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua) na niache sindano, maana mwenye yakini hajichomi. Mashine ya kupimia nimeificha kwenye droo chini ya nguo, na najitoboa kidole chooni ili asinione. Juzi nililia nikasema laiti nisingeshika mimba hii, na tangu hapo neno hilo linanitia hofu. Ramadhani nayo iko mlangoni. Je, hii ni adhabu? Sindano ni udhaifu wa imani? Na nifunge?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nianze na hilo neno lililokutoka, kwa sababu naona ndilo limekulemea zaidi.

Fungua Surat Maryam, aya ya 23. Bibi Maryam, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, aliposhikwa na uchungu chini ya mtende alisema: laiti ningekufa kabla ya haya. Hakukemewa wala hakuambiwa imani yake imepungua. Sauti iliyomjia ilimwambia asihuzunike, ikamwonyesha maji yaliyo chini yake, kisha ikamwambia alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Basi na wewe neno la machozi usilifanye kesi. Omba msamaha kama moyo unakusuta, kisha liache.

Ila usiliache upesi hilo shina la mtende. Mtende hautikiswi na wanaume kadhaa wenye nguvu zao, sembuse mwanamke mmoja aliye katika uchungu. Tende zingeanguka kwa amri ya Allah tu, na angeweza kumteremshia bila yeye kuinua mkono. Hata hivyo aliamrishwa anyooshe mkono. Je, kuna mwenye yakini kumshinda Maryam? Sindano unayojichoma usiku ndiyo mkono wako kwenye shina. Kupona ni kwa Allah, na kunyoosha mkono umeamrishwa wewe.

Kuhusu adhabu: hakuna mwanadamu aliyepewa ufunguo wa ghaibu wa kukuambia kwa nini Allah amekupa maradhi haya. Nabii Ayyub aliugua, je, naye aliacha nyiradi? Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa wajawazito, akanieleza kwamba kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama, ile inayoshusha sukari ya damu, isifanye kazi vizuri, na kadiri mimba inavyokua ndivyo kongosho, kiungo kinachotoa insulini, linavyolazimika kuongeza bidii. Kwa baadhi ya kina mama linazidiwa. Ndiyo maana kipimo hufanywa zaidi kati ya wiki ya 24 na 28. Qur'ani imesema mama humbeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu, na mimi nauona mzigo wako humo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta Ummu Saaib akitetemeka kwa homa na kuilaani, akamwambia asiitukane, kwani homa huondoa makosa ya wanadamu kama moto wa mhunzi uondoavyo kutu ya chuma. Imepokewa na Muslim. Wewe umeambiwa unaadhibiwa, na huenda ndiyo kwanza unatakaswa.

Mama mkwe wako naamini anakupenda na anaogopa kwa njia yake. Mwambie kwa adabu kwamba ruqya utaipokea kwa mikono miwili, na sindano haiachwi, maana hizi mbili hazigombani. Mtume aliruhusu ruqya, na ni yeye aliyesema: tumieni dawa enyi waja wa Allah, kwani hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na msimulie, au mumeo amsimulie, kisa alichokipokea Abu Daud cha sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya kuoga), wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alisema: wamemuua, Allah awaue, kwa nini wasiulize ikiwa hawajui? Wale hawakuwa waovu, walidhani wanailinda dini. Kila nikiletewa swali la mgonjwa nakikumbuka kisa hiki, na mkono unakuwa mzito kuandika.

Hapa kuna roho mbili. Sukari ya mama huvuka kwenda kwa mtoto, kongosho lake likafanya kazi kupita kiasi, akawa mkubwa kuliko inavyotakiwa, na akishazaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla. Insulini unayochoma haimfikii kwa kiasi cha kumdhuru. Wengine huulizia nguruwe: zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho la nguruwe na ng'ombe, lakini tangu miaka ya 1980 imekuwa ikitengenezwa maabara kwa bakteria au hamira, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi leo. Mwulize mfamasia moyo utulie.

Jambo moja lisikupotoshe: wapo watakaokusomea aya ile ya Maryam ili ule tende kwa wingi. Tende ni neema, na ni sukari. Idadi yake muulize anayekupangia chakula.

Itoe mashine kwenye droo, dada yangu. Mikono inaoshwa kwa maji safi na sabuni, na choo si mahali pa kutoboa kidole. Tone lile la damu halivunji udhu katika madhehebu ya Imam Shafi, na likigusa nguo kidogo linasamehewa.

Funga: usifunge Ramadhani hii. Mjamzito mwenye kisukari anayetumia insulini ni miongoni mwa wale ambao madaktari huwaona katika hatari kubwa wakifunga, na daktari mwaminifu akikuambia utadhurika, kufunga kunakuwa haramu kwako. Sindano yenyewe haifunguzi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua hivyo kwa sindano zisizo za lishe, na kwa damu ya kipimo pia. Tatizo ni njaa na kiu juu ya ugonjwa. Kwa kuwa unakula kwa ajili ya maradhi yako mwenyewe, si kwa kumhofia mtoto peke yake, utalipa siku tu bila fidia (kulisha maskini), na ukiendelea kunyonyesha hata Ramadhani nyingine ikakufika kabla hujalipa, kwa udhuru huo huna dhambi.

Ukijifungua salama, sukari hii mara nyingi huondoka na kondo la nyuma. Rudi ukapimwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha usiache kupima miaka inayofuata, kwani aliyewahi kuipata yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu.

Allah akuvushe, ampe mwanao afya, na alitulize jicho lako kama alivyolituliza la Maryam. Wallahu aalam.